Milima Iliyopakwa Chokaa

Mjukuu wangu, anayesoma Idaho huko Amerika, kaniletea kalenda hapa Azaiba, kwenye nchi ya Kiarabu nilikohamia. Nimeinusa karatasi yake, nikarudi mtoto Unguja.

Mama alikuwa anaitia juzuu yangu ya Kurani ya chuoni jalada la kalenda kuukuu, kwa gundi ya uwanga. Pichani palikuwa na ziwa, na milima myeupe juu.

“Mama, nani kaipaka chokaa milima hii?”

“Theluji hiyo. Milima ya Amerika.”

“Mie siamini mpaka nende.”

“Kwanza ukhitimu, mbishi wewe.”

Nikakhitimu. Shule sikusoma sana, nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu, na Amerika sijafika.

Mjukuu kafunua picha ya ziwa. “Babu, hili lilichimbwa na barafu, zamani sana.”

“Barafu ichimbe ziwa? Siamini mpaka nende. Nitafutie koti.”