Karibu ya Mahamri

Asubuhi moja pale Ukunda, kwenye kibanda cha mahamri, niliketi karibu na bibi mmoja na mjukuu wake anayefanya utafiti wa ubongo chuo kikuu. Binti alikuwa akimweleza kazi yao.

"Ndani ya ubongo wa panya kuna njia za neva, bibi. Moja ikiamka, panya humsogelea mwenzake. Nyingine ikiamka, humkwepa."

"Makubwa!" alisema bibi, akimega hamri.

Hapo akaingia askari wa hoteli, mtu wa bara, mgeni kabisa kwetu. Bibi akainua sahani kidogo. "Karibu, mwanangu."

Wa hapa twajua kujibu, "Starehe," kisha kila mtu huagiza chake, maana karibu hiyo ni ya adabu tu. Yule bwana alisema, "Asante sana, mama," akanawa mikono, akaketi, akanyosha mkono kulichukua hamri la mwisho.

Nikauona mkono wa bibi ukiivuta sahani kifuani. Ukasita. Kisha ukaisukuma mbele ya mgeni, pamoja na bakuli la mbaazi.

Mjukuu alijifunika mdomo kwa mtandio. "Bibi, njia zote mbili zimeamka!"

"Nyamaza, asije akasikia akaona haya."

Mimi sayansi siijui, lakini nashuku adabu yetu yote ya pwani huishi katika kule kusita kwa mkono.

Mgeni alipokwisha kwenda, bibi akauliza, "Na huyo panya anayekwepa wenzake, mwamfanya nini?"

"Twamtazama tu, bibi."

"Hata karibu hamumwambii?"