Kukataa Mara Moja

Kwa miaka mingi nimekuwa mpenzi wa filamu za watu wasiotaka kuokoa dunia. Sizungumzii filamu za mashujaa kwa jumla, maana katika nyingi ya hizo stelingi huanza kupiga watu kabla hujapata mahali pa kukaa. Nazungumzia aina moja tu. Mkulima anafuatwa shambani na wazee wenye majoho, anaambiwa kwamba joka limeamka na kwamba yeye peke yake ndiye awezaye kulilaza, naye anajibu kuwa ana mahindi ya kupalilia. Au mwanamke anagundua kuwa anaweza kunyanyua lori kwa mkono mmoja, na jambo la kwanza analolifanya ni kuhamia mji mwingine na kuomba kazi ya kupokea simu.

Nyumbani Gungu mimi na mke wangu huzitazama kwenye televisheni, tamthilia nzima nzima, msimu baada ya msimu. Lakini elimu yangu halisi niliipata katika banda moja la video kule Ujiji, ambako Jumamosi mchana zilionyeshwa zikiwa zimetiwa sauti ya mfasiri. Mfasiri ni mtu mmoja anayesema maneno ya wote, wanaume, wanawake na joka, na juu ya hayo huongeza maoni yake. Yule tuliyemzoea hakuwa na subira na mashujaa wanaositasita. Shujaa akikaa juu ya jiwe na kuutazama upeo wa macho huku muziki ukipigwa polepole, mfasiri aliujaza ule ukimya: "Hapa stelingi anawaza. Anawaza nini, hata mimi sijui. Kijiji kinaungua, yeye anawaza."

Watazamaji wa mabenchi ya mbele, wengi wao wavuvi waliokwisha kuuza samaki wao wa asubuhi, walikuwa na utulivu zaidi.

"Anajivunga huyo," mmoja alisema siku moja, akitema ganda la karanga.

"Muulizeni tena!" mwingine aliiambia skrini.

"Atakubali tu. Filamu bado ina saa nzima."

Hoja hiyo ya mwisho sikuwahi kuisikia katika ukumbi wowote wa mihadhara, na hadi leo sijaona kasoro yake.

Mimi nilisoma historia chuo kikuu na sasa naifundisha sekondari, kwa hiyo sikuweza kuziacha filamu hizo zibaki filamu. Nilizijengea nadharia. Nilisema kwamba anayeutamani uongozi hafai kupewa, na kwamba kukataa mara ya kwanza ndiko cheti cha kustahili. Nadharia hiyo iliafikiana vizuri na adabu zetu. Mgeni akikaribishwa chakula husema ameshiba, mwenyeji humpakulia hata hivyo, naye hula sahani mbili. Niliwafundisha wanafunzi wangu jambo hili kwa mifano kutoka katika tawala kadhaa za kale, nao waliliandika kwenye madaftari yao bila kuniuliza swali. Nadharia ilidumu miaka kumi na zaidi bila dosari, kwa sababu sikuwahi kuijaribu.

Mtaani kwetu kuna chama cha kuzikana. Wakristo na Waislamu tumo humo pamoja. Anayefiwa hupata turubai, mabenchi, masufuria, wachimbaji wa kaburi, na mtu mmoja wa kusimama mbele ya watu na kusema yanayopaswa kusemwa. Mtu huyo alikuwa baba yangu, mwenyekiti wa chama, mpaka alipofariki mwaka jana na ikabidi asemewe na mwingine.

Nilitaka nafasi yake. Naandika hili waziwazi kwa kuwa wakati ule sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Baba hakuwa msomi, lakini aliposimama mlangoni pa mfiwa watu waliacha kuhangaika, kana kwamba msiba wenyewe ulikuwa umepata mwenye kuusimamia. Nyumba yake niliirithi, na suruali zake mbili. Nilitaka kujua kama kulikuwa na kingine.

Mkutano wa kuchagua mwenyekiti mpya ulifanyika Jumapili alasiri katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tukiwa tumejikunja kwenye madawati ya watoto. Katibu wa chama, seremala mstaafu asiyependa maneno mengi, alianza na jina langu.

"Mwalimu, wanachama wanaona ushike pale alipoachia mzee. Unasemaje?"

Nilisimama. Jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni kwa siku nne. Nilisema kwamba heshima ile ilinizidi kimo, kwamba mimi ni mtu wa vitabu na chaki, kwamba nafasi ya marehemu haiwezi kukaliwa na mtu wa kiwango changu, na kwamba naomba wamtafute mwenye uwezo. Sauti yangu ilitetemeka mahali palepale nilipopanga itetemeke. Kisha niliinamisha kichwa na kusubiri kubembelezwa.

"Tumekusikia, Mwalimu," katibu alisema. "Mungu akubariki kwa kusema ukweli. Mwingine?"

Mwingine alikuwa mama mmoja anayeuza migebuka sokoni, mwanamke wa makamo ambaye kila alfajiri yuko ufukweni kupokea samaki mitumbwi inapoingia. Kiswahili chake kina Kiha kingi ndani yake, na shule aliiacha darasa la nne.

"Mama, wewe je?"

"Kazi inaanza lini?"

"Leo."

"Haya. Ufunguo wa stoo anao nani?"

Waligeuka wote wakanitazama, kwa kuwa stoo ya chama ilikuwa uani kwangu.

Katika filamu, mtu akishakataa, mambo mawili hufuata. Kwanza, wale wazee hurudi kwake, safari hii wakiwa wamelowa mvua. Pili, jambo baya hutokea, naye hukubali huku akitazama moshi. Nilijipa moyo kwamba bado tulikuwa ndani ya sehemu ya kwanza. Kuhusu ile ya pili, sikuuombea mtaa wetu msiba. Ila nakiri kwamba wiki ile niliwajulia hali wagonjwa kwa bidii ambayo iliwashangaza hata wao.

Jumanne jioni mke wangu alinikuta sebuleni.

"Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu."

"Mbona umevaa suruali ya harusi?"

"Ni suruali tu."

"Na juisi?"

Jagi lilikuwa mezani, na bilauri za wageni kando yake. Aliketi kando yangu, akamimina bilauri moja, akainywa yote.

"Baba watoto," alisema, "kama uliitaka ile kazi, kwa nini ulisema huitaki?"

Nilianza kumweleza ile nadharia. Alinisikiliza mpaka kwenye mfano wa mgeni na sahani mbili.

"Lakini wenyeji wako wa Jumapili walikuwa na wageni arobaini wa kuwapakulia," alisema, kisha akaenda kuanua nguo.

Walikuja Alhamisi. Niliwaona kupitia dirisha, katibu na mwenyekiti mpya, wakitembea polepole kama wajumbe, nami nilihisi kitu ambacho kwa umri wangu ni aibu kukitaja. Nilifungua mlango kabla hawajabisha.

"Karibuni, karibuni ndani. Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hatukai, Mwalimu," mama alisema. "Tumefuata sepetu. Nazihamishia kwangu pamoja na turubai, ili msiba ukitokea saa yoyote nisimwamshe mtu."

Nilipaswa kuuchukua ufunguo na kunyamaza. Badala yake nilisema, "Nimelifikiria upya lile suala."

"Suala gani?"

"Lile la Jumapili."

Katibu aliangalia kuku waliokuwa wakipita. Mama aliniangalia mimi.

"Mwalimu, ulisema huwezi."

"Nilisema kwa adabu tu, mama."

"Na sisi tulipokea kwa adabu."

"Nilidhani mtaniuliza tena."

Hapo katibu aliona aibu kwa niaba yangu, akasema kwa upole mwingi, "Lakini si ndivyo mzee alivyotuwekea? Anayesema hawezi haulizwi mara ya pili. Alisema maiti haingoji mtu abembelezwe."

Nililijua jambo hilo. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kuiruka. Baba aliwahi kulisema mezani mbele yangu si chini ya mara kumi, na kila mara niliitikia kwa kichwa, nikiamini kwamba ni kanuni ya kuwahusu watu wengine. Tuliingia stoo. Tulitoa sepetu nne, kamba, turubai na mabenchi, nami nilibeba upande wangu wa kila benchi mpaka barabarani, nimevaa suruali ya harusi.

Wiki mbili baadaye alifariki jirani yetu mmoja, mzee mstaafu wa reli. Asubuhi na mapema mwenyekiti alisimama mbele ya nyumba ya wafiwa, kanga imefungwa kiunoni, akawa anagawa kazi bila karatasi. Huyu kwa mchungaji. Wale wawili Mwandiga, wakawaarifu ndugu wa marehemu. Yule akatafute kuni.

"Mwalimu, kaburini."

Nilikuwa na sababu tatu za kweli za kutochimba, mojawapo ikiwa mgongo. Nilifungua mdomo. Alikwisha kuhamia kwa mtu wa nne baada yangu.

Udongo wa makaburini kwetu ni mwekundu, laini kwa futi moja, kisha unageuka na kuwa kitu ambacho sepetu hulia ikikigusa. Tulipokezana wawili wawili. Mwenzangu alikuwa fundi pikipiki kutoka Rusimbi, mkwe wa marehemu, ambaye hakuwa amewahi kuniona kabla ya asubuhi ile.

"Mwalimu, hapo unachimba au unasahihisha?" aliniuliza baada ya muda.

"Nachimba."

"Haya. Maana udongo uko palepale."

Katika dakika zile nilikumbuka kwamba filamu haimwonyeshi mkulima akililia malengelenge. Humwonyesha ameshika upanga kana kwamba alizaliwa nao.

Alasiri, jeneza lilipokwisha kufika, mwenyekiti alisimama mbele ya watu. Nilikuwa nyuma, na magoti yangu yalikuwa mekundu. Nakiri kwamba nilitega sikio kwa matumaini ya kusikia makosa. Kwa sehemu hiyo baba alizoea kutumia nusu saa, na mimi, laiti ningepewa, ningetumia zaidi. Yeye alisema: "Huyu mzee alikuwa anachelewa. Mke wake anajua, watoto wanajua, reli inajua. Lakini alikuwa anafika. Sijawahi kusikia kuwa hakufika." Halafu alirudia hayo kwa Kiha kwa ajili ya wazee waliotoka vijijini, akaketi. Mjane alicheka, kisha akalia, na waliokuwa wamemshika wakaona wanaweza kumwachia.

Nilimwonea wivu. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi kwa ajili ya chama, lakini furaha hiyo ilikuja baadaye, tena si yote.

Baada ya mazishi tulirudi kwenye nyumba ya wafiwa. Watu walikula na kuanza kutawanyika. Mwenyekiti alipita kati ya mabenchi akihesabu vitu kwa macho, akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, natafuta mtu wa..."

"Sawa."

"Sijamaliza kusema."

"Sawa, mama."

Alinitazama kama atazamavyo mgebuka anaouziwa kwa bei nafuu kupita kiasi.

"Ni kuosha masufuria," alisema. "Yale makubwa. Wanaume wenzako huwa wanayakimbia."

Yalikuwa matano. La wali halina tabu. La ugali ukianza kulikwangua likiwa kavu utajitesa bure. Lazima kwanza uliloweke, ukae nalo, usubiri.