Kadi ya Waifai Ndani ya Sanduku la Bati

Jirani yangu hapa Muyinga, aliyerudi kutoka kambini Tanzania, anaandikia watu barua kwa kompyuta. Juzi alileta fundi kutoka Gitega amfungie kadi ya waifai, ili saa nne amwone kwa video mama yake aliyebaki kule. Kaka yake alikuwa amempeleka mama mjini penye mtandao, na gari la kumrudisha lilikuwa la saa tano kwa saa za hapa.

"Iko ya kuchomeka inje na iko ya ndani," fundi alisema.

"Ya ndani. Ya nje itapotea njiani."

Njia ipi, fundi hakuuliza. Alifungua mashine, akapachika kadi, akakaza antena mbili. Jirani akairudisha mashine katika sanduku la bati inamokaa siku zote, nyaya za skrini zikipita kwenye tundu, akafunga kifuniko. Mtandao ukagoma.

Fundi akamwambia jirani, "Mama, toa mashine ku sanduku. Rezo ya mtandao haipite ku bati."

"Siitoi. Tukikimbia tena nitaibebaje?"

"Kukimbia wapi, mama? Iko amani."

"Hata siku ile tuliyokimbia, asubuhi ilikuwa amani."

Alipokubali kuitoa, saa tano ilishapita. Mtandao ulishika papo hapo na kaka akaonekana, yuko peke yake. "Mama amengoja mpaka saa ya gari, ameondoka nalo," alisema.

Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia jirani, nikayameza. Nilikwenda nyumbani kufungua gunia la sahani nililorudi nalo mwenyewe kutoka kambini, ambalo miaka yote limekaa chini ya kitanda bila kufunguliwa. Sahani nne zimevunjika, sijui tangu lini.