Roshani ya Kutazamwa

Mtu akisimama mbele ya nyumba yetu akaanza kuisifu roshani, damu hunichemka. Namwambia ahsante, kwa sababu nimelelewa, kisha namfungia mlango.

Nyumba yenyewe ni ya mama. Iko Mji wa Kale, kwenye kichochoro kisichoingia gari, na roshani yake ya mbao ilikuwa imetokeza juu ya njia tangu kabla mama hajaletwa pale bi harusi. Tangu nyonga yake iharibike, mama hashuki chini. Ngazi zetu ni za mawe, zimesimama wima, hata mimi mzima naziogopa. Basi dunia yake ikawa ni roshani. Asubuhi anajitanda leso yake, anaketi, anateremsha kikapu kwa kamba. Muuza mkate anatia mkate, muuza samaki anatia samaki, na samaki akiwa na jicho bovu anarudishwa vile vile kwa kamba. Kutoka pale juu alijua nani anaumwa, nani kaposwa, nani kagombana na mumewe akapita na mabegi. Hapiti mtu bila kumwamkia. Asiyeinua kichwa aliulizwa babake ni nani, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini.

Siku moja ubao ukakatika chini ya kiti chake. Mguu wa kiti ukaning'inia nje, juu ya vichwa vya watu. Nilimvuta ndani, nikaufunga mlango wa roshani, nikamwambia itengenezwe kwanza.

"Basi fanya upesi, mwanangu," akasema. "Humu ndani mimi sijui hata kumekucha au kumekuchwa."

Alisema kweli, maana dirisha la upande ule ni dogo, liko juu, la kuingiza hewa tu.

Upesi! Mji wa Kale hupigi msumari bila kibali, na mimi sipingi. Nimeona nyumba za watu zikibomolewa zikapandishwa magorofa ya vioo, najua kwa nini sheria iko. Nikaenda ofisi ya hifadhi ya mji na picha na mchoro wa seremala. Nikapokewa na ofisa mmoja, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi likasimama. Akaniuliza mbao gani. Nikasema mvule. Akasema ile ya asili ni msaji, basi iwe msaji. Nikauhangaikia msaji. Niliporudi, tatizo likawa rangi. Niliporudi tena, nakshi ya ukingo haikumpendeza, ichorwe upya. Laiti angekuwa mkorofi ningejua la kufanya. Alikuwa na adabu zake, na roshani ile aliipenda kuliko mimi. Akaniambia ni uso wa mtaa.

"Nyuma ya huo uso kuna mtu," nikamwambia. "Mama yangu."

"Nakuelewa kabisa, mwalimu," akajibu, akaurudisha mchoro.

Huku nyumbani mama alikivuta kiti chake mpaka kwenye mlango uliofungwa, akakaa ameuelekezea sikio. Kila nikimpitia nitokapo kufundisha ananiuliza: nani yule alocheka adhuhuri? Nani yule alokuwa akilia? Mimi nitajuaje, na nilikuwa shuleni Tononoka na chaki mkononi? Nilitaka kumhamishia kwangu huko huko Tononoka, nyumba ya chini, haina ngazi. Akakataa. "Huko n'tamwamkia nani? Ukuta?"

Kisha muuza samaki akanisimamisha njiani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole ya msiba. Ameona mlango umefungwa siku zote hizo, kikapu hakishuki, akajua bibi ameondoka. Nilipomsimulia mama nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Yuwasema kweli," akasema. Nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira, na hasira ile sijaimaliza.

Kibali kikatoka hatimaye. Seremala akafanya kazi, na kazi ilikuwa kazi, sina la kuitoa kasoro. Siku ya ukaguzi mama alifukiza udi, akavaa leso mpya, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango kama anayesubiri kuposwa. Ofisa akaja na wakubwa wake wawili na mpiga picha. Wakamwamkia vizuri, wakaipita miguu yake, wakatoka nje kwenye roshani wote wanne. Wakaegemea ukingo. Wakapigwa picha hivi, wakapigwa picha vile. Mkubwa mmoja, mwenye tumbo la kutangulia, akaupiga ukingo kwa kiganja na kusema hii ndiyo kazi.

Waliporudi ndani, mama akanishika bega ainuke. Ofisa akaufunga mlango, polepole, kwa heshima.

"Samahani, mama. Kibali hiki ni cha kurudisha sura ya nyumba. Watu kukaa hapo ni kibali kingine, cha ofisi nyingine. Kwa sasa mlango usifunguliwe."

Akamwamuru seremala, aliyekuwapo kwa ukaguzi, autie skrubu. Seremala alinitazama, lakini akatia. Nami adabu yangu yote ikanitoka. Niliwauliza kama wana mama. Niliwaambia wao wamesimama pale wanne wamejazana, na mama yangu mzima mzima hafiki uzito wa tumbo la yule mzee. Nilipiga kelele mpaka kichochoro kikanyamaza.

"Mwalimu," ofisa akasema, "sisi tulikuwa kazini."

Wakashuka. Mama alimtazama seremala, ambaye bado alikuwa na bisibisi mkononi na macho chini.

"Na wewe, mwanangu? U kazini bado?"

"La, bibi. Nimemaliza."

"Basi nifungulie mlango wangu."

Akaufungua. Nikambebea kiti, nikamshika mkono, akatoka, akaketi. Chini kwenye njia wale watu walikuwa hawajaenda. Walikuwa wamerudi nyuma hadi ukuta wa jirani ili roshani nzima iingie kwenye picha. Mpiga picha akashusha kamera, akapunga mkono bila kutazama anampungia nani.

"Mama, hebu rudi ndani kidogo. Unatuharibia picha."

Mama akakiteremsha kikapu taratibu, mpaka kikasimama mbele ya pua ya yule mpiga picha, na sauti yake ikafika msikitini.

"Babako n'nani wewe, wapita hapa huniamkii?"