Kabureta Moja, Datsun Mbili

Enzi zetu, gari likikataa kuwaka halikuwa tatizo la mwenye gari peke yake. Wewe uliyekulia Arua wakati petroli inauzwa kwa chupa kando ya barabara, ikiwa imetoka upande wa Congo, unanielewa. Mtu akisikia starta inalialia kwa jirani, alikuwa anaweka kikombe cha chai chini na kutoka nje, hata kama miguuni kavaa kandambili za mkewe. Hakungoja kuitwa. Kusukuma gari kulikuwa kama kuitikia salamu. Vijana wetu wa leo wakikuta gari limekwama wanatoa simu, wanapiga picha, wanaandika "pole bosi," halafu wanapita.

Baba yangu, Anguyo, alikuwa na pikapu ya Datsun, ya bluu. Rafiki yake Rajabu, mtu wa Koboko, alikuwa na Datsun nyeupe, ndugu kabisa wa ile ya bluu. Wawili hao walijuana ukimbizini ng'ambo ya mpaka, wakiwa vijana wa familia za askari, na waliporudi nyumbani waliikuta mizoga miwili ya magari nyuma ya ghala moja la tumbaku. Wakaichukua, mmoja wa huyu na mmoja wa yule, wakaanza kuifufua. Milango ilipatikana, taa zikapatikana, viti vikashonwa upya kwa turubai la lori. Kitu kimoja tu hakikupatikana kwa jozi: kabureta. Kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla injini haijavuta kilikuwa kizima kwenye gari moja na kimeoza kwenye jingine. Nao walikwisha kukifungua na kukifunga mara nyingi hivi kwamba hakuna aliyekumbuka kilitoka kwenye gari la nani. Kila mmoja alidai ni chake.

Basi hivyo ndivyo yalivyoanza mashindano yetu. Kila mwezi wa kiangazi kulikuwa na siku ya magari, mara kwetu, kwenye uwanja wa Aroi, mara kwao, upande wa Midia. Kanuni ilikuwa moja, na hata sisi watoto tuliijua: asiye na kabureta ndiye mwenyeji. Haikuwa heshima, ilikuwa lazima. Gari lake lingemfikishaje kwa mwenzake? Mwenye kabureta alipakia familia, akaja kwa mwendo wake mwenyewe. Mwenyeji alisukumwa na mtaa mzima kutoka nyumbani mpaka uwanjani, ameshika usukani kwa uzito kama chifu, anatoa amri: "Kulia! Sukuma kulia! Nyie mmekula nini leo?"

Mbio zikiisha, mgeni alirudi nyumbani na kabureta. Katikati ya mwezi aliifungua, akaituma kwa lori ili mwenzake aitumie kuja kwake. Kutoka kwetu ilisafiri ndani ya beseni la bati, imefungwa kitenge kikuukuu, na Mama hakukubali beseni liende na chuma peke yake. Aliweka simsim ya kusaga, ule ufuta wetu, akaweka samaki wakavu, akaweka na maharage. Mimi niliweka uzi wa kusukia nywele, wa Zaituni.

Zaituni alikuwa binti wa Rajabu, wa rika langu. Beseni liliporudi kutoka Koboko, chini ya kabureta kulikuwa na kisra iliyokunjwa kama kitambaa, ile mikate myembamba ya kina mama wa Kinubi, na katikati ya kisra kulikuwa na kitu changu: bangili ya waya wa shaba, au maembe mabichi, au kikaratasi chenye tusi. Safari moja alinitumia jiwe. Nilipomuuliza maana yake, alisema, "Nilikosa kitu. Sasa nitume beseni bila salamu?"

Siku yenyewe ikija kwetu, nilikuwa naamshwa na harufu ya majivu. Wanawake walikuwa wameyakusanya jikoni wiki nzima, na asubuhi waliyabeba kwenye vikapu hadi uwanjani, wakachora njia ya mbio: duara refu lenye kona mbili kali na moja ya uvivu. Kona hizo zilizua ubishi kuliko siasa. "Hii imekaa kama mkia wa mbuzi," mmoja angesema, na mwingine angefuta kwa mguu na kuchora tena.

Kwanza yalikuja maonyesho. Magari yote ya jirani yalipangwa mstari mmoja: Pijo ya katekista, Landrova ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa, lori la matofali lililooshwa mpaka likaona aibu. Rangi ilisuguliwa kwa majani ya mpapai. Magurudumu yalipakwa mkaa uliochanganywa na oili chafu, yakang'aa kama viatu vya bwana harusi. Halafu boneti zote zilifunguliwa, na hapo hakuna mwenye gari aliyeruhusiwa kumfukuza mtu. Yeyote alichungulia, yeyote aliuliza. Namkumbuka bibi yangu mzaa mama, kaingiza kichwa chote kwenye Datsun nyeupe, akamuuliza Rajabu, "Sasa hii, chakula yake inaingia wapi?" Rajabu alimweleza kila bomba kwa adabu, kutoka tangi mpaka ekzosi. Bibi akatikisa kichwa. "Hata huyu iko na tumbo," akasema, akaenda kukagua lori.

Jua likishapanda, mbio zilianza, na mgeni alitangulia kwa sababu kabureta ilikuwa kwake. Kwa kuwa magari mawili hayakuweza kukimbia pamoja, ilibidi kupima muda, na saa ya kupimia hatukuwa nayo. Tulikuwa na Papa Kasongo. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kikongo aliyeleta vitenge na sabuni, mtu wa pande zote mbili na kwa hiyo si wa upande wowote. Alikaa juu ya pipa la mafuta, akapiga jerikani tupu kwa mwendo mmoja usiobadilika, na watu wote wakahesabu mapigo kwa sauti moja. Nataka uipate sauti hiyo: wazee, wanafunzi, wanawake wenye watoto mgongoni, Wakristo wa Aroi na Waislamu waliokuja na Rajabu nyuma ya pikapu, wote wanahesabu, na ndani ya vumbi gari moja linalia. Gari likikaribia kona, hesabu ya watu wa upande wake ilianza kupoa, ya wapinzani ikakimbia. Papa Kasongo aliacha kupiga, akafoka, "Apana! Mutu akimbize gari, asikimbize hesabu!" Tukacheka, gari likarudishwa mwanzo, tukaanza upya.

Kisha ilifika saa niliyoipenda kuliko mbio zenyewe. Rajabu alisimamisha gari lake kando ya la Baba, na kabureta ikahamishwa mbele ya watu, ikiwa bado ya moto. Kelele zote zilikoma. Wanaume wawili waliinama kwenye boneti moja, vichwa vinagusana, mmoja anashika na mmoja anafungua. Mimi na Zaituni tulishika nati kwenye viganja vyetu, yeye za kwao, mimi za kwetu, ingawa zilikuwa zilezile.

"Fungasa vizuri," Rajabu alikuwa akimwambia Baba. "Nisisikie kesho umeshindwa sababu ya nati."

"Weye kaa pale uangalie," Baba alijibu. "Leo nakupiga na kabureta yako mwenyewe."

"Yangu? Si ulisema iko yako?"

"Ikishinda iko yangu. Ikishindwa iko yako."

Aliyeshindwa alibeba maji ya kuoshea gari la mshindi. Kuku alisubiri nyumbani akiwa hai, kwa sababu Mama alimwachia Rajabu amchinje mwenyewe kwa Bismillahi, ili wote tule sahani moja. Wageni walilala kwetu, wakaondoka kesho yake, na Zaituni alikuwa akichungulia kwenye kioo cha nyuma mpaka vumbi likamfuta. Sikulia. Nilijua beseni litafika katikati ya mwezi.

Papa Kasongo ndiye aliyetuletea neema. Siku moja, kwenye uwanja wa Midia, kabla ya mbio, aliwaita Baba na Rajabu, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alikuwa amekitafuta Bunia, huko kwao Congo, akakitafuta na mbele ya Bunia.

"Bandugu," akasema, "miye nimechoka kuona batu bakubwa banagombania titi moja kama mapacha."

Ilikuwa kabureta ya Datsun, mpya, bado na grisi ya kiwandani. Nakuambia, watu walipiga vigelegele kama arusi. Baba alimkumbatia Papa Kasongo mpaka kofia ikaanguka. Rajabu aliigeuza ile kabureta mikononi, akaipuliza, akaicheka, akaipuliza tena. Kila mtu alitaka kuona kile ambacho hatukuwahi kukiona: ile ya bluu na ile nyeupe zikikimbia ubavu kwa ubavu.

Na zilikimbia. Siwezi kudanganya, zilikuwa mbio nzuri kupita zote. Ziliondoka pamoja, zikapotea kwenye vumbi pamoja, na zilipotoka kwenye kona ya mwisho hakuna aliyeweza kusema pua ya nani ilitangulia. Tulibishana mpaka jioni. Hakuna aliyehesabu, nani ahesabu, na magari yote yanaonekana? Papa Kasongo alisimama karibu na pipa lake, jerikani mkononi, akishangilia kama sisi wengine.

Mama peke yake hakubishana. Tulipokuwa tunapakia mizigo kurudi Arua, alimwambia Baba, "Sasa hawa watu watakuja kwetu kufuata nini?"

Baba alicheka. "Watakuja kunifuata mimi, Mama Letasi."

Letasi ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama kati yao na Zaituni, nikaona jibu la Baba lina akili. Nani asiyemfuata Baba?

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu yetu. Wanawake walikusanya majivu. Rajabu alituma salamu kwa dereva wa lori: amepata kazi ya kupeleka watu Yumbe, atakuja mwezi ujao. Hapakuwa na neno baya. Mwezi huo ulipofika, Baba naye alikuwa na abiria wa Omugo, maana gari sasa liliwaka kila siku, na gari linalowaka kila siku hupata kazi kila siku. Katikati ya mwezi nilitayarisha uzi wa Zaituni, nikamwuliza Mama beseni linaenda lini. Akaniuliza, "Linapeleka nini?" Nikamwambia tupeleke simsim tu. Akanitazama kwa huruma, akaifunga simsim, akampa dereva, na dereva akasema lori limejaa. Zamani lori hilohilo lilikuwa likijaa mpaka juu, lakini kwa kabureta nafasi ilipatikana, hata mapajani mwa dereva, kwa sababu mtu mzima alikuwa anaingoja Koboko. Kukosa simsim hakukusimamisha gari la mtu.

Baba na Rajabu walikutana tena, bila shaka, kwenye misiba, sokoni, safari moja kwenye kizuizi cha barabarani, wakapigiana honi na kucheka. Hawakugombana hata siku moja. Uwanja wa Aroi ulilimwa mihogo. Rajabu alipofariki tulipata habari akiwa ameshazikwa, na Baba aliendesha hadi Koboko na kurudi siku ileile. Aliporudi alikaa ndani ya gari muda mrefu. Nilipompelekea maji alisema, "Njia ile imekuwa fupi, mwanangu." Lami ilikuwa imefika.

Siku hizi Arua tuna maonyesho ya magari tena. Mwaka huu nilikwenda. Vijana wamependeza, magari yao yamependeza zaidi: Subaru zenye ekzosi kubwa kama chungu cha pombe, taa za zambarau, muziki unaotikisa meno. Nilisogea nikamwomba kijana mmoja afungue boneti nichungulie. "Shangazi, kuna nini? Iko poa tu," akanijibu, wala hakuwa na kiburi. Alinionyesha kwenye buti: jeki yake, pampu yake, betri yake ya akiba, kamba yake ya kuvutia. Alikuwa na kila kitu. Kila mmoja pale alikuwa na kila kitu, na kila mmoja alisimama kando ya gari lake, akijipiga picha mwenyewe, mkono umenyooshwa mbele. Nilimhurumia kidogo, halafu nikakumbuka gari nililokuja nalo. Linawaka kwa kubonyeza kitufe. Kusukumwa halijui.

Zaituni yupo Koboko mpaka leo, ana duka na wajukuu. Namba yake ninayo. Idi namtumia picha ya mwezi na nyota, Krismasi ananitumia picha ya mshumaa. Jioni ya maonyesho yale nilimpigia, nikamweleza ekzosi, muziki na yule kijana wa boneti, akacheka kile kicheko chake cha zamani cha kupigia paja. Nikamwambia, kama ninavyomwambia kila mwaka, kwamba nitakuja kumwona.

"Utakuja," akasema. "Dada, hiyo gari yako haiharibiki hata siku moja?"

"Haiharibiki."

Nyuma yake nilisikia mtoto akiomba mkate.

"Pole," akaniambia.