Masharti kwa Mwandiko Wangu

Nina mwandiko mzuri. Nalisema hili mapema ili nisionekane ninajisifu baadaye, kwa sababu habari yote hii ni ya kunisuta. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Izigo, na mtu anayeandika ubaoni kila siku kwa ajili ya watoto sabini hujifunza kunyoosha herufi apende asipende. Ndiyo maana walipohitaji mtu wa kuandika masharti walinijia mimi.

Kaka yangu mkubwa aliondoka nyumbani kwetu Ijuganyondo mwaka wa vita. Malori ya jeshi yalipita mchana kutwa kuelekea mto Kagera, na madarasani walilala watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma dini Khartoum. Baba, ambaye babu yake alifika Bukoba kutoka pwani na mizigo ya nguo, alimsindikiza kwa majivuno ambayo mama aliyacheka mwezi mzima. Baba alipofariki, kaka akiwa bado huko, tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Hivyo ndivyo Wahaya wanavyozika, Mwislamu na Mkristo sawasawa.

Kaka alirudi na ndevu, sanduku la vitabu, na habari moja aliyoisimulia kila alipoketi. Watu wa kule, alisema, waliingia barabarani bila bunduki: madaktari, mawakili, watu wa reli, wauza mikate. Rais wao akaanguka. Wiki iliyofuata kila mtu alirudi kazini kwake, isipokuwa watu wa harakati ya dini. Hao walikuwa na zahanati, walikuwa na madarasa, walizika maskini, na kura zilipopigwa watu wakakumbuka ni nani aliyebeba maiti wao.

"Hawakuongoza maandamano," alisema kaka, "lakini wao ndio waliokuwa wamejipanga."

"Na walioyaongoza walipata nini?" mama aliuliza.

Kaka alicheka tu, akaomba chai.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia. Ukimwi wa leo tuliuita juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na watu wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu vyote viwili vilifika pamoja baada ya vita. Tulizika kila wiki, kisha mara mbili kwa wiki. Shehe wetu mzee, mtu mpole aliyenifundisha alifu kwa kijiti, alianza kuwasalia maiti kwa mbali, kitambaa puani. Kuosha alikataa kabisa. Wanawake waosha maiti nao wakawa na safari zisizokwisha kila walipoitwa. Izigo kuna nyumba ambamo maiti alikaa siku mbili, na mama yake akabaki akiwafukuza nzi.

Kaka alikusanya vijana sita. Walipata glavu, ndoo, klorini na sanda, wakawa wanakwenda popote wanapoitwa, mpaka vijiji vya Muleba vilivyo kando ya ziwa. Walipohitaji wanawake nilijiunga. Nilijiunga kwa hasira, maana yule mama wa nzi alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu. Niliosha wanawake ambao hata jina lao sikulijua, wepesi kama watoto. Sijapata kujiona mtu wa maana kama miezi ile.

Basi siku ya kuchagua kamati ya msikiti hapakuwa na ushindani. Shehe mzee alishukuriwa kwa maneno mazuri, akawekwa kando. Kaka na wenzake wakachukua kamati, madrasa na funguo. Hata katibu wa tawi la chama, ambaye ni Mkristo, alianza kuvuka barabara kuja kumwamkia kaka kwanza, na uchaguzi wa kata ulipokaribia alikaa barazani kwake mchana mzima. Kaka alinitazama kwa macho ya kusema, unaona? Niliona, na nilifurahi.

Ndipo wakaniletea karatasi nyeupe na kalamu ya wino mzito. Sharti la kwanza: maiti azikwe katika makaburi ya Waislamu ya mjini, si kibanjani. La pili: pasiwe na hitma wala arobaini. La tatu: familia isiyokubali, kikundi hakitamwosha maiti wake wala kumsalia. Hilo la tatu niliona ni kali. Lakini nilikuwa nimeshughulika zaidi na mstari usipinde, nikaliandika. Karatasi waliibandika mlangoni mwa msikiti, na nakala wakawa wanatembea nazo kwenye misiba.

Mchana mmoja, tukiwa tumeketi tunakunja sanda, redio ilitangaza kwamba wanajeshi wamechukua serikali Khartoum. Baadaye redio ikasema kwamba nyuma yao wamesimama watu wa harakati. Vijana walishangilia. Kaka alizima redio.

"Walikuwa na viti bungeni," alisema. "Kwa nini hawakungoja?"

Ijumaa alihubiri juu ya subira. Masharti hakuyaondoa, na mimi sikumwambia ayaondoe.

Mdogo wetu wa kike alikuwa akinunua samaki kwa wavuvi wa kisiwa cha Bumbire, akibanika na kuuza Bukoba. Alirudi nyumbani na kapu moja na watoto wawili. Mama alimtazama mikono ilivyokonda, akaenda kuteka maji bila kuuliza kitu. Mdogo wetu alikaa nasi tangu mvua za vuli mpaka kahawa ilipoanza kuiva. Aliomba jambo moja tu, akalirudia kwa Kihaya kila mara homa ilipopungua: azikwe karibu na Tata, yaani baba, ili watoto wake wajue mahali pa kumkuta. Mama alimwahidi. Na mimi nilimwahidi, nikiwa mtu niliyejua vizuri kuliko wote kilichoandikwa mlangoni.

Alifariki asubuhi, baada ya kunywa nusu kikombe cha uji. Kabla ya adhuhuri kaka alifika na watu wawili wa kamati. Nyasi za msiba zilikwisha kutandazwa sakafuni, na majirani walikuwa wanaingia na mikungu ya ndizi.

"Mama, gari lipo," alisema kaka. "Tutamzika mjini."

"Amesema alale na baba yake."

"Nimesikia, Mama. Lakini kuna masharti."

Mmoja wa wale wawili akatoa karatasi, tayari kuisoma. Mama akanyoosha mkono. Alijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, na mwalimu wake wa jioni nilikuwa mimi. Akasoma kama alivyosoma kila kitu, kidole kikifuata, silabi baada ya silabi, kwa sauti: ma-i-ti, a-zi-kwe. Ilichukua muda mrefu. Hakuna mwanamke chumbani aliyethubutu kumsaidia. Alipofika sharti la tatu alisimama, akalianza upya, akalimaliza. Kisha akanigeukia.

"Huu ni mwandiko wako, mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

"Umeandika vizuri. Nimesoma yote bila kukwama."

Akaikunja ile karatasi, akamrudishia mwenyewe, akasema mwanawe atazikwa kibanjani. Wale wawili waliaga kwa adabu wakatoka. Nilimfuata kaka mpaka kwenye mibuni.

"Wiki iliyopita nilimkatalia mama mmoja wa Izigo jambo hili hili," alisema. "Mtoto wake alikuwa huyo mmoja tu. Leo nikimpa mama yangu, yule nitamwambia nini?"

"Mwambie mlikosea."

"Kule Khartoum niliwaona wakubwa wakifanya hivyo. Sheria kwa watu, huruma kwa ndugu zao. Mimi sitaki kuwa hivyo."

Machozi yalimtiririka mpaka ndevuni, na hakuyafuta. Kisha akawafuata wenzake barabarani. Nilimchukia siku ile. Nilijua kwamba hakuwa mnafiki, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu mnafiki ningeweza kumbembeleza.

Mimi na mama tulimwosha mdogo wangu. Nilivaa glavu, mama akakataa zake. Alimwosha kwa mikono mitupu, akimsemesha taratibu kama alivyomwogesha akiwa mtoto, amgeuze huku, amgeuze kule. Nje majirani Wakatoliki walikuwa wamemaliza kuchimba kaburi, ila hawakujua kuchonga mwanandani, ule ubavu wa kaburi anamolazwa maiti wetu. Na hapakuwa na mtu wa kumsalia.

Ndipo alipotokea shehe mzee, kwa miguu, na fimbo yake na kitambaa chake mkononi. Sijui ni nani aliyempelekea habari. Aliwaonyesha wachimbaji upande wa kibla, akawaelekeza mwanandani, akamsalia mdogo wangu na wanaume watatu tu nyuma yake. Safari hii alisimama karibu. Kitambaa hakukiachia, na sisi sote tulijua kwamba bado anaogopa.

Maiti wa kike hupokelewa kaburini na mwanamume wa damu yake. Mahali pale palikuwa pa kaka. Shehe alisimama ukingoni akitazama njia ya kutoka barabarani, na sote tukaitazama naye. Hakuja mtu. Shehe akakikunja kitambaa chake, akakitia mfukoni, akaomba ashikwe mkono, akateremka yeye mwenyewe kumpokea.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda msikitini kuibandua karatasi yangu. Nilikuta imekwisha kubanduliwa. Mahali pake palikuwa na nyingine mpya, ya mwandiko wa msichana niliyemfundisha mwenyewe darasa la tatu, herufi zake zimesimama kama zangu. Masharti yalikuwa manne. La nne lilisema nyumba iliyovunja masharti haitahudumiwa tena.

Nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi, watoto wa marehemu wameketi pembeni yake. Aliniuliza wameandika nini, nikamwambia. Hakuacha kumenya.

"Basi mimi utaniosha wewe," alisema. Akatupa ganda, akachukua ndizi nyingine. "Na wewe je, nani atakuosha?"

Niliwatazama wale watoto. Mkubwa alikuwa na miaka saba. Nikachukua kisu nikaketi, nikamsaidia mama kumenya.