Kompyuta Niliyoifunga Pembeni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, fundi kutoka Dar alipoingia hospitalini kwetu Singida mjini, tai shingoni na boksi la diski mkononi, na moyo wangu ukakataa pale pale. Watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kufungua hospitali, na kila kilichotoka nje kilisifiwa kabla hakijafunguliwa. Mimi ndiye niliyetunza kompyuta na nyaya zake. Humo mlikuwa na mafaili ya wagonjwa wote, la mama yangu likiwemo. Mama hakupatana na sindano ya penisilini. Iliwahi kumlaza hadi tukaanza kuitana nyumbani.

"Leo leo tunaunganisha mtandao mpya, programu mpya kila mashine," fundi alisema. "Mchana nina basi."

Hilo basi ndilo lililonitia wasiwasi. Mbona ana haraka ya kuondoka?

Nikamkumbuka baba. Kwetu Sepuka, dume alilonunua mnadani halikuingia zizini siku hiyo. Alilifunga pembeni, akachunguza kinyesi, akasikiliza kikohozi, hata kama muuzaji ni shemeji yake. Majirani walimtania kwamba anashuku hadi mkia. Alicheka nao, na dume likabaki pembeni.

Basi nikamwomba daktari mwenye hospitali tuanze na kompyuta moja. Nikachomoa waya wake wa mtandao, nikaweka humo nakala ya mafaili, fundi akaingiza programu yake huku akinung'unika kwamba watu wa bara tunaogopa maendeleo. Ikawaka vizuri, rangi za kupendeza. Nikafungua faili la mama. Jina lipo, umri upo. Lile onyo jekundu la penisilini halipo.

Nilikimbia kumwita daktari, sioni aibu kusema. Daktari alitazama, akavua miwani, akamwambia fundi akawahi basi lake.

Baadaye fundi alirudi na programu iliyorekebishwa. Niliijaribu, onyo likaonekana, kila faili likawa sawa. Bado nikakataa kuiingiza kwenye mashine nyingine. Manesi walilalamika kwamba zile za zamani zinakwama na foleni imefika mlangoni, nami nikaenda Sepuka kujisifu kwa baba kwamba mimi sidanganyiki.

Baba hakucheka. "Hilo dume lako bado linaumwa?"

"Hapana, baba. Sasa ni zima."

"Mbona bado umelifunga? Mimi nafunga ili niangalie. Wewe umefunga, ukaenda kulala."

Niliporudi kazini niliiingiza kwenye mashine zote, na foleni ikaanza kusogea.

Mwanangu, nawe sasa umekabidhiwa mashine za watu. Kila kipya kishuku, hata kikiletwa na rafiki. Kijaribu pembeni, kwa nakala, na faili la kwanza kufungua liwe la mtu unayempenda, maana hapo hutaangalia kwa uvivu. Ukikikuta kizima, kiingize, watu wanasubiri. Mungu akupe jicho kali, na akupe pia mkono mwepesi wa kufungua kamba.